Pima ganda kwanza, kalibu ifuate

Anayejaza risasi za raifali nyumbani hununua kalibu ya kurudishia ganda umbo (chombo cha chuma kinachofungwa kwenye presi na kulibana ganda lililotumika ili lijazwe tena) kwa haraka kuliko vifaa vyake vingine vyote, ilhali hicho ndicho kifaa kinachoamua ganda litadumu muda gani na risasi itakaa wima kiasi gani. Huuliza kampuni, huuliza bei, mwisho hujikuta na kalibu iliyochongwa vizuri lakini isiyoelewana na chemba ya bunduki yake, yaani nafasi linamokaa ganda likifyatuliwa.

Ganda likifyatuliwa, shaba hutanuka mpaka ikagusa kuta za chemba, kisha hujirudi kidogo, kama elfu moja ya inchi (0.001, yaani 0.025 mm). Kwa hiyo ganda lililotumika ni picha ya chemba yako. Kalibu inatakiwa kulibana kiasi cha kuingia na kutoka bila kukwama, basi. Kila elfu ya ziada inaichosha shaba: inabanwa, inapanuliwa, inabanwa tena, mpaka shingo inakuwa ngumu na kupasuka, au ukuta unakonda juu kidogo ya kitako.

Kabla ya kununua chochote, chukua maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ikiwezekana zaidi ya mara moja, kwa sababu mfyatuo wa kwanza haulijazi ganda kwenye chemba sawasawa. Ng'oa praima (viwashio vya kitakoni) zilizotumika, maana praima iliyovimba huharibu kipimo cha urefu. Halafu pima sehemu nne: mwili inchi 0.200 juu ya kitako; mwili tena chini kidogo ya bega, pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni; shingo; na umbali kutoka kitako hadi katikati ya mteremko wa bega. Vipenyo pima kwa maikromita. Kalipa ya kawaida (kipimio cha taya mbili) inaweza kukosea elfu moja, na elfu moja ndiyo hasa unayoitafuta. Kwa bega tumia kipimio cha kulinganishia kinachofungwa kwenye taya za kalipa. Namba kinayotoa si urefu halisi wa chemba, ni ya kulinganisha tu, kwa hiyo usiichukue ukailinganisha na namba ya mtu mwingine.

Sasa kalibu yenyewe. Kalibu nzuri ya mwili mzima, yaani inayobana mwili, bega na shingo kwa pamoja, inapunguza kitako na mwili kwa elfu moja hadi mbili, na bega inalisukuma nyuma elfu moja hadi mbili kwa bunduki ya bolti. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, bega lirudi elfu tatu hadi tano, kwa sababu hapo hakuna mkono wa kusukuma bolti ikigoma. Ukikuta kalibu inayobana mwili elfu sita au saba, chemba yako ni pana na kalibu ni nyembamba. Vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya viwango, ila havifai pamoja. Tafuta kalibu nyingine, au fundi akuchongee ya kwako kwa kufuata maganda uliyomtumia.

Kinyume chake pia hutokea, na watu hukisoma vibaya. Baada ya mifyatuo minne mitano, bolti inafunguka vizuri lakini ikifika juu kabisa inagoma kidogo na kutoa mlio wa "tak". Hapo kitako kimetanuka na kalibu haikifikii, kwa sababu mdomo wa kalibu umeviringwa ili ganda liingie bila kukwaruzwa, na kishikio kinacholishika ganda kwenye presi nacho kinaficha sehemu ya chini. Kurudisha bega nyuma zaidi hakuponyi tatizo hili hata chembe. Dawa ni kalibu yenye kitako chembamba zaidi. Lakini kwanza hakikisha shindikizo la mjazo wako haliko juu. Mlio huo ukitokea kwenye maganda mapya, usilaumu kalibu: punguza baruti na urudi kwenye kitabu cha vipimo.

Shingoni ndipo fedha nyingi hupotea. Kalibu ya kawaida huibana shingo kupita kiasi, kisha kipanuzi cha duara kilichoko kwenye sindano huitanua tena ganda likishuka. Inafanya hivyo kwa makusudi, maana mtengenezaji hajui shaba yako ina unene gani. Tatizo ni lile vuto la kipanuzi: likiwa kali, shingo inapinda na bega linavutwa mbele bila mpangilio. Unalisikia mkononi, wenzo unakuwa mzito na ganda linalia. Mafuta kidogo ndani ya shingo, au kipanuzi cha kabaidi kilichong'arishwa, hutuliza mambo sana. Kwa wengi hilo linatosha.

Kalibu ya bushi inaondoa kubahatisha. Ndani yake kuna pete ya chuma iliyoandikwa kipenyo chake, nawe unachagua pete kulingana na shaba yako. Jaza risasi moja kamili, pima shingo yake kwa nje pale palipo na kichwa cha risasi, kisha toa elfu mbili au tatu. Tuseme ni .308 Winchester na shingo iliyojazwa inasoma 0.336: bushi yako ni 0.334 au 0.333. Ikiwa utamalizia kwa mandreli (fimbo ya chuma yenye kipenyo maalumu) ndani ya shingo, shuka elfu moja zaidi ili mandreli iwe na kazi ya kufanya.

Sasa angalia namba ambayo wengi huiruka. Shingo ya ganda hilo hilo likitoka kwenye chemba ya kiwandani inaweza kusoma 0.343. Kulitoa 0.343 hadi 0.333 ni elfu kumi kwa mkupuo mmoja. Bushi ikibana zaidi ya elfu tano au sita kwa mara moja, shingo huanza kukaa upande, na wakati mwingine hutoka nyembamba kuliko namba iliyoandikwa kwenye bushi. Fanya kwa hatua mbili: bushi ya 0.338 kwanza, halafu 0.333. Kama hutaki hatua mbili, bushi si chaguo lako. Nunua kalibu ya mwili mzima ambayo shingo yake imepanuliwa kwa kusuguliwa hadi kipimo ulichoagiza. Kalibu ya namna hiyo hutoa maganda yaliyonyooka kuliko bushi, kwa kuwa shingo, bega na mwili vinashikwa na kipande kimoja cha chuma. Kasoro yake ni kwamba ukibadilisha aina ya maganda na unene wa shaba ukawa tofauti, kipimo hakifai tena. Kwa anayetumia aina moja tu ya maganda, hiyo ndiyo ningemshauri.

Jua pia kwamba bushi haifiki hadi begani. Inaacha ukanda mwembamba chini ya shingo bila kubanwa. Si hitilafu.

Kalibu za shingo pekee zina nafasi ndogo siku hizi. Mwili usiobanwa hutanuka kila mara mpaka bolti inakuwa ngumu, na mwishowe kalibu ya mwili mzima unainunua vilevile. Ya kolleti (pete ndefu yenye mipasuo), inayobana shingo kwenye mandreli bila kuhitaji mafuta, ni nzuri kwa unyoofu, ila iambatane na kalibu ya mwili ya kurudisha bega.

Kuifunga kwenye presi ndiko kunakotenganisha kalibu ya ghali na matokeo mazuri. Karatasi nyingi zinazokuja na kalibu husema: ishushe mpaka iguse kishikio, kisha zungusha robo zaidi. Ukifuata hivyo bila kupima, bega linaweza kurudi elfu nane au kumi, na baada ya mifyatuo michache unaona mstari unaong'aa ukilizunguka ganda juu ya kitako. Huo ni ukuta uliokonda, karibu kukatika. Pinda ncha ya waya mwembamba, ipitishe ndani ya ganda kutoka chini kwenda juu. Ikinasa kwenye mfereji, tupa ganda hilo.

Anza kalibu ikiwa juu, mzunguko mmoja kutoka kwenye kishikio, kisha shuka polepole. Mwanzoni kipimo cha bega kitaongezeka, na hilo huwashangaza wageni wa kazi hii: mwili ukibanwa kabla bega halijaguswa, shaba hukimbilia mbele na ganda linarefuka. Bolti itafunga kwa shida kuliko kabla ya kubana. Endelea kushuka. Hesi za kalibu hizi ni 7/8-14, yaani mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo elfu moja ya inchi ni takriban digrii tano tu za mzunguko. Chora mstari wa penseli kwenye kalibu na mwingine kwenye presi: kuachana kwao kwa milimita moja kwenye ukingo wa hesi ni takriban elfu moja. Ganda lililosoma 1.630 likisoma 1.628, kaza nati. Nati inayojibana yenyewe kwa skrubu ya ubavuni ni bora kuliko ile ambayo skrubu yake inauma hesi.

Kama kalibu imegusa kishikio na bega bado halijarudi, ni ndefu kwa chemba yako. Fundi wa kukereza vyuma atapunguza sehemu ya juu ya kishikio kwa elfu chache. Kama inarudisha kupita kiasi na unapenda mguso imara, kuna vishikio vinavyoongezeka kimo kwa elfu mbili mbili, kutoka 0.002 hadi 0.010.

Kipimo kikianza kuyumba, ganda moja elfu moja, jingine tatu, usiishike kalibu. Tazama shaba: ikishakuwa ngumu hujirudi zaidi, na kuilainisha shingo kwa moto hurudisha usawa. Tazama na mafuta. Yakiwa machache ganda linanasa ndani na kitako kinang'oka, yakizidi yanakusanyika begani na kuacha mabonde madogo. Safisha kitundu cha kupumulia kilichoko ubavuni mwa kalibu, na ulishikilie kila ganda chini ya shindikizo kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kushusha.

Unyoofu upimwe kwa kipimio cha saa (chenye mshale na uso kama wa saa) kwa hatua: ganda likitoka kwenye chemba, likitoka kwenye kalibu bila kipanuzi, kisha kipanuzi kikiwa ndani. Ganda lililobanwa likicheza 0.001 hadi 0.002 ni zuri. Likinyooka bila kipanuzi na kupinda nacho, umempata mhalifu kwa bei ya sindano moja, na kalibu uliyonayo inabaki kwenye presi.