Jinsi nilivyorudisha "takataka" sokoni

Mchezo wangu wa simu unaigiza soko la Kibuye, hapa Kisumu. Ili uwe mwepesi kwenye simu za bei nafuu, nilifuta kila kitu ambacho mchezaji hakigusi: makreti ya soda, mkokoteni mbovu, magunia ya omena, ndoo zilizopinduliwa. Nilitarajia kasi ipande. Ikashuka, kutoka fremu (picha zinazochorwa) 50 kwa sekunde hadi 22.

Nilihangaika na msimbo wa programu siku mbili. Kumbe ndani ya marundo ya magunia ndimo nilimoweka vizuizi vya kuona, vile ambavyo Godot 4, programu ninayotengenezea mchezo, hutumia kujua vibanda gani vimefichika ili isivichore. Nilipofuta magunia, navyo vikaenda. Simu ikawa inachora soko zima kwa mpigo.

Kasoro ya pili aliigundua mpwa wangu. "Mjomba, hapa ni wapi? Kila njia inafanana." Awali alikuwa akikata kona penye mkokoteni wa bluu bila hata kujua kwamba anaufuata. Tena, bila makreti kando ya njia, mhusika alionekana kama anajikokota, kwa kuwa jicho hupima mwendo kwa vitu vinavyopita.

Sikurudisha vyote. Magunia yalirudi pale yanapoziba upeo tu, pamoja na vizuizi vyake; mkokoteni ukarudi konani; makreti kila baada ya hatua chache, umbo moja likirudiwa na kuchorwa kwa amri moja. Ndoo nimeacha mbili, nazipenda. Sasa napata fremu 54, na mpwa wangu anafika kwa wauza samaki bila kuniuliza.