Irisi ya Bandia na Mchango wa Ukoo

Kaka karusha video kwenye grupu la familia: mwanamke wa Kizungu, kabla na baada ya kuwekewa irisi ya bandia. Kabla, katikati ya jicho pote ni peusi tii. Baada, lina duara la kahawia, utadhani kazaliwa nalo. Chini kaandika, "Tuchangishane, mtoto apelekwe." Hata adhuhuri haijaingia, ahadi zimeshamiminika.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu, yuko darasa la pili. Alizaliwa bila irisi, lile duara lenye rangi linalozunguka mboni. Watu humsifia macho meusi mazuri. Weusi ule ni dirisha lisilo na pazia: irisi ndiyo hubana mwanga usiingie wote, na yeye hana cha kuubania. Jua la saa saba Mbagala likipiga kwenye mabati na vioo vya daladala, anafumba macho na kutembea kashika gauni la mama yake.

Usiku nikakaa kusoma. Si uzushi. Kampuni ya HumanOptics ya Ujerumani huitengeneza irisi hiyo kwa silikoni laini, ikakunjwa, ikapitishwa kwenye mpasuko mdogo na kukunjuka ndani ya jicho. Kila mgonjwa hutengenezewa rangi yake. Marekani waliipitisha 2018, kwa wakubwa na watoto. Katika utafiti wa wagonjwa 389, zaidi ya asilimia 70 walisema mwanga umepunguza sana kuwasumbua. Ila tundu lake ni milimita 3.35 mchana na usiku, halipanuki wala halisinyai.

Nikamsimulia mtoto habari ya rangi. Akachagua nyekundu, ya Simba. Mjomba wake, Yanga damu, akatuma sauti kwamba basi anaondoa mchango wake.

Sasa, lisilosemwa kwenye video. Kifaa hiki huwekwa kwenye jicho lililokwisha kutolewa lenzi yake ya asili, au wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lenzi za huyu wetu bado safi. Tumtoe lenzi nzima ili apate rangi? Siafiki. Tena aliyezaliwa hivi huwa na mengine: presha ya macho inayoweza kumjia, konea (kioo cha mbele cha jicho) inayochakaa, na sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, ambayo haikukomaa tangu tumboni. Hiyo ndiyo inamfanya asogeze daftari hadi puani, na silikoni haiigusi. Wengine kifaa huwachochea kovu ndani ya jicho. Yule mama wa kwenye video aliumia ajalini, jicho lake la pili ni zima. Yake ni yake.

Kilichoninyima usingizi si macho. Chanzo cha kuzaliwa bila irisi mara nyingi ni hitilafu kwenye jeni iitwayo PAX6, katika kromosomu ya 11. Jirani yake iko jeni nyingine, na zikikatika zote mbili mtoto huwa hatarini kupata saratani ya figo, ile ya Wilms. Ndiyo maana mtoto kama huyu, ambaye ukoo mzima hakuna mwenzake, hupigwa ultrasaundi ya figo mara kwa mara utotoni. Dada alianza vizuri, kisha nauli na pesa ya kipimo zikamshinda, akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Kwa rangi ya macho tumechangamka kama harusini.

Nimeyaandika yote grupuni, marefu kuliko wanavyopenda. Nimeomba mchango uende kwenye figo, kupima presha ya macho, miwani ya giza yenye namba yake, na kofia ya ukingo mpana. (Shule inakataza kofia darasani. Barua ya daktari nitaipeleka mwenyewe.)

Shangazi kajibu kwa dole gumba. Binamu mmoja kauliza kama basi pesa yake itarudishwa. Kaka kakaa kimya hadi jioni, ndipo akaandika: "Figo kwanza. Kipimo lini?"

Dada kamjibu: Jumatatu.