Mkeka wa Usiku wa Ijumaa

Usiku wa tarehe 27 Juni 2019, wenzangu wanne wa baraza walinikabidhi shilingi mia mbili kila mmoja, nami nikaongeza mia mbili zangu zikatimia elfu moja, tukakubaliana kwamba simu yangu ndiyo itakayoweka dau la ushindi wa Kenya dhidi ya Tanzania. Mabao ya mechi ile nimeyasimulia mara nyingi, pengine kupita kiasi, lakini yaliyotendeka ndani ya simu sijapata kuyasimulia.

Kwa hesabu ya ofisini ilikuwa Alhamisi. Kwa hesabu ya wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa, jua la Alhamisi likishazama huwa ni usiku wa Ijumaa, na ndiyo sababu jirani mmoja aliyekuwa akitoka msikitini baada ya isha alisimama mbele yetu, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema maneno mawili tu: "Hata leo?" Hakuna aliyemjibu. Sote tulijua kamari ni haramu na tulijua usiku ule una heshima yake, ila tulikuwa tumejizoeza kuiita ile elfu moja mchango, kama kwamba tunamchangia mgonjwa.

Baraza letu liko Kibokoni, katika kichochoro ambacho mkokoteni ukipita lazima waliokaa wakunje miguu. Kinyozi wa pale alikuwa ametoa televisheni ya dukani kwake, akaipandisha juu ya kreti mbili za soda, waya ukapitishwa dirishani. Muuza kahawa alitua dele lake hatua chache kutoka hapo, na kila mjadala ulipopoa aligonganisha vikombe mara mbili tatu, watu wakakumbuka kwamba makoo yamekauka. Nina hakika usiku ule aliuza zaidi kwa sababu ya Jesse Were, mshambuliaji wa Kenya aliyeachwa nje ya timu, kuliko kwa sababu ya tangawizi.

Yafaa nieleze mechi yenyewe ilikuwa na uzito gani. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa likichezwa Misri, na kwa mara ya kwanza likiwa na timu 24. Kenya ilikuwa haijafika huko tangu 2004, na Tanzania tangu 1980, yaani kabla hata sijazaliwa. Kura ikaziweka jirani hizi mbili katika kundi moja na Aljeria na Senegal. Mechi za kwanza zikaenda kama zilivyotarajiwa: Kenya ikafungwa 2-0 na Aljeria, Tanzania ikafungwa 2-0 na Senegal, siku moja. Kwa kuwa timu nne bora miongoni mwa zilizoshika nafasi ya tatu zingesonga mbele, atakayeshinda kati yetu angebaki na tamaa, na atakayeshindwa angeanza kufunga mizigo. Mechi ilipangwa kuanza saa tano usiku kwa saa za kwetu, katika Uwanja wa 30 Juni mjini Cairo, baada ya ile ya Aljeria na Senegal ambayo Aljeria ilishinda 1-0. Tulikuwa na muda mrefu wa kubishana.

"Were amekosa nini, yakhe?" aliuliza kinyozi, wembe mkononi ingawa hakuwa na mteja. "Mtu afunga mabao Zambia kila msimu, wamuacha nyumbani, kisha mimi nitoe mia mbili zangu?"

Fundi wa simu, ambaye husema polepole kana kwamba kila neno analichomelea, alimjibu kwamba kocha Sébastien Migné anataka mshambuliaji mmoja tu wa kusimama mbele, na huyo ni Michael Olunga. Kwa maoni yake upungufu haukuwa mbele bali nyuma, kwa sababu Brian Mandela alikuwa ameumia goti kambini Ufaransa na pengo lake halikuzibika. Dereva wa tuktuk akataka kujua Victor Wanyama ana pumzi kiasi gani, maana klabu yake ya Tottenham ilicheza fainali ya Ulaya mwezi ule ule, lakini yeye sehemu kubwa ya msimu aliimaliza akiuguza majeraha. Hapo kila mtu akawa daktari. Nilisikia magoti yakielezwa kwa namna ambayo tabibu yeyote angejitenga nayo.

Katikati ya Wakenya hao alikuwepo binamu yangu wa Tanga, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga kwa ajili ya harusi, na ambaye kwa siku tatu alikuwa ameshavumilia utani wa kutosha. Alisubiri wamalize, akasema kwa utulivu: "Nyinyi mwazungumzia Olunga wa daraja la pili la Japani. Sisi tuna Mbwana Samatta, bingwa wa Ubelgiji na mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi yao. Wacheni nimalizie kahawa." Muuza kahawa, Mkenya wa kindakindaki, alimwongezea kikombe bila kumtoza.

Kwa wakati wote huo Maalim alikuwa kimya. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, hakupata kuweka hata shilingi moja kwenye kamari, na hakuna mtu barazani aliyezifuatilia zile namba za malipo ambazo vijana huziita odi kama yeye. Alimtazama binamu yangu akamwambia asimsahau kocha wake, Emmanuel Amunike, kwani mtu aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya 1994 dhidi ya Zambia hawezi kuwa mjinga wa mechi za namna hii. Kisha akaniomba nimsomee odi.

Namba zile nazikumbuka kwa sababu zilinigharimu: Kenya 2.60, sare 2.90, Tanzania 2.80. Maalim aliomba kalamu, akachukua kipande cha karatasi ya kufungia kashata, chenye madoa ya mafuta, akagawanya mia moja kwa kila namba. Kenya ikapata 38.5, sare 34.5, Tanzania 35.7. Akazijumlisha, akapiga mstari chini, akaigeuza karatasi tuione sote: 108.7.

"Mechi nzima, ukitia kushinda, kushindwa na sare, haiwezi kuzidi mia," alisema. "Hii nane na ushei ni ya nani?"

"Ya mwenye duka," alisema fundi wa simu.

"Ya mwenye duka. Amekwishaila kabla refa hajapuliza kipenga."

Lingekuwa darasa zuri kwa watu wenye nia ya kusoma. Kinyozi alilosikia ni kwamba Kenya ndiyo yenye asilimia kubwa kuliko wote, akapiga kofi pajani. Binamu yangu aliona pengo kati ya Kenya na Tanzania ni dogo mno, akaamua kwamba hata kampuni inaogopa. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia jambo jingine kabisa: kwamba watu wote wako Kenya na Tanzania, na hakuna mtu hata mmoja katika kichochoro kile aliyekuwa akiifikiria sare.

Saa tano kasorobo nilijitenga hadi kwenye kona ambako mtandao hushika vizuri. Elfu moja ilikuwa tayari kwenye akaunti, kidole changu kiko juu ya 2.60. Nikaanza kujihutubia. Timu mbili zilizofungwa mechi ya kwanza huogopana. Majirani wanajuana. Samatta atafunga na Olunga atafunga, na baadaye kila mmoja ataridhika na alichonacho. Nilijiambia kwamba wenzangu wameamua kwa moyo na mimi peke yangu nimetumia akili, na kwamba sare ikitokea nitarudi barazani na 2,900 badala ya 2,600 wanazozitarajia, nao watanishukuru. Fikra kwamba ile pesa haikuwa yangu ilinijia, siwezi kusema haikunijia, lakini ilikuja ikiwa imechelewa kidogo na nikaiambia isubiri. Nikabonyeza 2.90. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nikaitia simu mfukoni, nikarudi kukaa.

"Tayari?" aliuliza dereva wa tuktuk.

"Tayari," nilisema, na kwa namna fulani nilikuwa nimesema kweli.

Dakika ya sita Simon Msuva akafunga. Samatta alipiga, kipa Patrick Matasi akautema mpira, Msuva akaumalizia. Binamu yangu aliruka akakanyaga kikombe. Kwa muda wa nusu saa na zaidi baraza lilikuwa kama nyumba yenye msiba, kisha dakika ya 39 Olunga akaupiga mpira akiwa hewani, mgongo umeelekea lango, na hata Maalim akainua mikono yenye tasbihi. Hatukupata nafasi ya kukaa. Dakika moja baadaye Samatta akairudisha Tanzania mbele, 2-1.

Wakati wa mapumziko Maalim alitaka kuingia ndani kutawadha, na ngazi za nyumba ile hazina taa. Akanyosha mkono kuomba simu ya kumulikia. Nikampa bila kufikiri. Alikaa huko kwa muda, akarudi, akanirudishia simu ikiwa imelala kifudifudi juu ya kiganja chake, akashukuru.

Dakika ya 62 Johanna Omolo akaukandika mpira kwa kichwa, 2-2, na hapo ndipo nilipoanza kuishi maisha yangu binafsi katikati ya umati. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele za kutaka bao la tatu. Mimi nilikuwa nikipiga kelele zile zile huku nikiomba lisije. Kwa dakika kumi na nane nilikuwa tajiri wa siri. Nilichungulia simu chini ya kikoi nikaona kampuni inanipa nafasi ya kile kinachoitwa kashauti, yaani kuuza dau kabla mechi haijaisha: shilingi 1,950, papo hapo, kwa kubonyeza mara mbili. Nilizikataa. Mtu aliyekwisha kuziona 2,900 moyoni mwake hawezi kuitazama 1,950 bila dharau.

Dakika ya 80 Olunga akapata nafasi ya kupiga, akapiga shuti la chini, likaingia. Kinyozi alinibeba. Nasema alinibeba, miguu yangu ikatoka ardhini, na nikiwa hewani nilimwona binamu yangu ameinamisha kichwa, nikamwonea wivu, kwa kuwa yeye alikuwa na haki ya kusononeka mbele ya watu. Kenya ilikuwa imeshinda 3-2, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo tangu ilipoifunga Burkina Faso 3-0 mwaka 2004, na mimi nilikuwa nikihesabu mshahara ambao haujaingia.

"Elfu mbili na mia sita, gawa kwa tano!" alipaza sauti dereva wa tuktuk. Mia tano na ishirini kila mmoja. Binamu yangu alisema mkeka wake umechanika, kama wasemavyo kwao dau likipotea, akakunja kanzu akaenda kulala. Mimi nikasema kampuni huchelewa kulipa, wasubiri kidogo, nikaenda kwenye kona ile ile. Katika M-Pesa nilikuwa na elfu mbili mia tatu na ushei za kufikia mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa mkavu, kwa sababu kazi zetu za forodha zilikuwa zimeanza kupungua tangu makasha yalipoanza kupandishwa treni kwenda Nairobi. Nikatuma mia tano na ishirini mara nne. Kila nilipotuma nilisikia mlio wa ujumbe ukijibu kutoka barazani, halafu shangwe, halafu nikatuma nyingine. Jina lililotokea kwenye simu zao lilikuwa langu, jambo ambalo halikumshangaza mtu, kwani pesa zilikuwa zimepitia kwangu tangu mwanzo. Muuza kahawa alisoma kiasi kilichoingia mara mbili, akaziba dele, akatangaza kwamba kahawa ya mwisho ni bure.

Nilikunywa changu nikiwa nimesimama. Maalim alikuwa akijiandaa kuondoka, na ile karatasi ya kashata aliikunja mara nne akaitia mfuko wa kifuani.

Jumatatu ya tarehe 1 Julai tulikusanyika tena. Kenya ilikuwa ikicheza na Senegal, na kwa hesabu za kinyozi hata sare ingetufikisha hatua ya mtoano, hivyo mchango ukaanza mapema na ubishi wa nani aanze na nani akae benchi ukaanza mapema zaidi. Dereva wa tuktuk alikusanya mia mbili mbili, nyingi zikiwa noti mpya zilizotoka mwezi wa Juni na ambazo baadhi ya wenye maduka bado walikuwa wakizigeuzageuza kwenye mwanga, akazikunja pamoja akaninyoshea kama kawaida.

"Simu leo ashike mwengine," alisema Maalim.

Wote wakamgeukia. Yeye alikuwa akipuliza kahawa, macho yako ndani ya kikombe.

"Huyu mkono wake una baraka, Maalim," alisema kinyozi. "Juzi si ndiye aliyetushindia?"

"Ndiye," alisema Maalim. "Mpumzisheni."

Fundi wa simu akatoa yake. Nikampa mia mbili zangu, na alipouliza kama nina neno la kusema kuhusu odi, nikasema sina. Senegal ilishinda 3-0.