Usiku wa Marinda

Dada yangu alipokaribia kuhitimu chuo, nilimwahidi kwamba nitamshonea sketi ya neti, ile ya tabaka kadhaa inayotuna kuanzia kiunoni na kuishia chini kidogo ya magoti. Nilikuwa na miaka 19. Nilikwisha kushona foronya, mapazia na gauni moja la kushindia nyumbani, na niliamini kwa dhati kwamba sketi isiyo na zipu wala mifuko haiwezi kunishinda.

Hesabu yake niliipenda tangu mwanzo. Kiuno cha dada kilikuwa sentimita 68 na nyonga sentimita 96. Neti niliyokuwa nayo ilikuwa na upana wa sentimita 150, kwa hiyo nilikata vipande sita vyenye urefu wa sentimita 65, nikaviunganisha viwili viwili, nikapata tabaka tatu zenye mzunguko wa karibu mita 3 kila moja. Mita hizo 3 zilipaswa kukusanywa kwa marinda hadi ibaki mita 1, kipimo kinachopita kwenye nyonga bila kukwama, kisha lastiki pana ya sentimita 4 ndiyo ingebana yote hadi kiunoni.

Kukata kulinipa raha. Ukingo wa neti haufumuki, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana kwenye kila tundu, na ndiyo maana sketi kama hii haihitaji pindo. Kitambaa hiki, ambacho wanamitindo hukiita tulle kwa jina la mji wa Tulle nchini Ufaransa, kwa muda mrefu kilikuwa kazi ya mikono, mpaka Mwingereza John Heathcoat alipopata hataza ya mashine yake ya kufuma neti mwaka 1809. Mimi hadi leo hukistaajabia: ni matundu matupu, lakini ukikikusanya kinasimama chenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la pasi. Nilitaka kunyoosha mikunjo kabla ya kushona, nikaipitisha ikiwa na moto uleule niliotumia kwa pamba, na neti ya nailoni ikajikunja, ikanywea na kuacha tundu la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nililitazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na neti ya akiba, basi tabaka lile nikaliweka kando liwe la ndani kabisa, nikaendelea.

Taabu yenyewe ilikuja usiku. Nilizishika tabaka zote tatu kwa pamoja, nikapitisha ukingoni mshono wenye hatua ndefu za milimita 5 kila moja, kisha nikaanza kuvuta uzi wa bobini, yaani uzi wa chini wa cherehani, ili marinda yajikusanye. Yalijikusanya vizuri hadi theluthi mbili ya mzunguko, ndipo uzi ulipokatika, na kazi ya saa nzima ikafunguka mapajani mwangu kwa mara moja. Nilirudia, ukakatika tena. Pini nazo zilikuwa zikiponyoka kwenye matundu na kudondoka sakafuni moja baada ya nyingine.

Shangazi, ambaye cherehani ilikuwa yake, aliamka akanikuta ninalia. Hakuniuliza kitu, alivuta kiti, akaipapasa neti kati ya vidole viwili.

“Mwanangu, umeutwisha uzi mwembamba mzigo wa nguo tatu,” alisema. “Lete uzi mnene wa kufumia, na kila tabaka tulitie marinda peke yake.”

Tuliulaza uzi ule mnene ukingoni mwa neti, nikashona zigizaga juu yake kwa makini ili sindano iruke kushoto na kulia bila kuutoboa. Uzi ukawa unateleza kama kamba ndani ya mfereji. Shangazi aliugawa kila mzunguko mara nne, akabana alama kwa vibanio vya kuanikia nguo badala ya pini, nasi tukavuta robo baada ya robo, huku yeye akisukuma marinda kwa kucha yasirundikane upande mmoja. Hapo ndipo nilipoona kwamba uzuri wote wa sketi hii uko kwenye sentimita chache za juu, ambazo baadaye hufichwa na lastiki.

Bitana ya satini na lastiki tulizimaliza alfajiri, nikiivuta lastiki kwa mikono miwili iende sawa na marinda wakati shangazi akiendesha cherehani.

Asubuhi dada aliivaa juu ya gauni la kulalia, akajizungusha mara moja katikati ya chumba. Tabaka zilichelewa kidogo nyuma yake, zikamfuata, zikatulia. Lile tundu la pasi lilikuwa limelalia satini upande wa kushoto, mahali ambapo mimi na shangazi pekee tulijua pa kutazama.