Sauti Zilizotangulia

Kwa siku kadhaa sasa sisikilizi kitu kingine ila Mbube, rekodi ya 1939 iliyofanyika katika studio ya Gallo jijini Johannesburg. Wanaoimba ni Solomon Linda na kundi lake, Evening Birds. Dunia inaujua wimbo huu kwa sura nyingine, ile ya Kiingereza ya simba aliyelala msituni, ambayo The Tokens waliivumisha mwaka 1961. Mimi pia niliujua hivyo tangu utotoni: wimbo mwepesi, wa kuchezea watoto.

Rekodi ya Linda haina wepesi huo hata kidogo. Chini kuna sauti za besi zinazotembea pamoja, nzito, zikirudia mstari uleule bila kuchoka. Vyombo vimekaa nyuma kabisa. Juu yake Linda anapaza sauti nyembamba inayopanda, inakwaruza, inashuka, kisha inapanda tena kama mtu anayeita kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Unasikiliza zaidi ya dakika mbili namna hiyo. Halafu, wimbo ukiwa ukingoni, anaachia melodi aliyoibuni papo hapo mbele ya maikrofoni. Anaipitisha mara moja tu na wimbo unakwisha. Melodi hiyo ndiyo iliyochukuliwa na wengine wakaijengea wimbo mzima, wakapata utajiri.

Kila nikifika hapo narudisha nyuma. Nataka kumsikia mtu akigundua kitu ambacho hata yeye hakujua anacho. Linda alikuwa akifungasha santuri kwenye kampuni hiyohiyo iliyomrekodi. Haki za wimbo ziliondoka mikononi mwake kwa shilingi 10, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini, wakati toleo la The Tokens lingali likipigwa redioni. Familia yake ilikuja kupata malipo ya maana kwa makubaliano ya mwaka 2006, baada ya kesi. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi na inastahili kuandikwa tena. Lakini naona uchungu wakati mtu anaijua kesi nzima na hajawahi kumsikia Linda mwenyewe akiimba.

Ninazitafuta rekodi za namna hii, za kwanza za nyimbo zilizovumishwa na wengine, kwa muda mrefu, na wapo wanaodhani nataka kuthibitisha kwamba ya kwanza ndiyo bora siku zote. Wala. Twist and Shout ulirekodiwa kwanza na The Top Notes mwaka 1961, chini ya mtayarishaji Phil Spector, na rekodi yenyewe imepooza. Bert Berns, mmoja wa waliouandika, hakuridhika nayo, akausimamia mwenyewe upya na The Isley Brothers mwaka 1962. Hao ndio walioupa moto ambao The Beatles waliurithi. Ninachokitafuta mimi ni sababu ya wimbo: nani alikuwa akiimba, akimwambia nani, na alitaka nini kwake. Wimbo ukihamia mdomo mwingine, hicho ndicho mara nyingi kinachoachwa njiani.

Chukua Hound Dog, yaani mbwa wa kuwinda. Elvis Presley aliuimba mwaka 1956 na karibu kila mtu anaujua kwake. Big Mama Thornton aliurekodi Los Angeles mwezi Agosti 1952, ukiwa umeandikwa na Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wa miaka 19 tu. Kwa Thornton huyo mbwa ni mwanamume: mvivu, mwongo, anayekuja mlangoni kutafuta wa kumlisha. Mama wa watu amechoka naye na anamfukuza. Anaunguruma, anavuta neno anapotaka, gitaa linamjibu, na mwishoni wanamuziki wanabweka na kulia kama mbwa huku yeye akiwachochea. Kabla ya kumfikia Elvis, wimbo ulipitia kwa Freddie Bell and the Bellboys, waliobadilisha maneno, na yule mwanamume akatoweka. Akabaki mbwa wa kweli ambaye hajawahi hata kumkamata sungura. Elvis anauimba kwa nguvu na kasi, nakubali. Ila namsikiliza na kujiuliza: huyu kakasirikia nini? Kwa Thornton huulizi. Wimbo wake ulikaa wiki saba kileleni mwa chati ya rhythm and blues mwaka 1953, na alisema malipo aliyoyaona yalikuwa hundi moja ya dola 500.

Nausikia upungufu kama huo kwenye Malaika, ingawa hapa moyo wangu umegawanyika. Fadhili William aliurekodi na kundi la Jambo Boys, kabla Miriam Makeba hajauimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, na kabla Boney M. hawajaupeleka kwenye disko mwaka 1981. (Mtunzi wake ni nani hasa? Ubishi umedumu miongo, na jina la Adam Salim limo ndani yake.) Sauti ya Makeba hapo ni uzuri mtupu. Lakini mwenye shida katika wimbo ule ni kijana asiye na mali ya kumwoa ampendaye, na Fadhili anaimba bila mbwembwe, akilitamka tatizo lake kama mtu anayeona haya kulitamka. Naamini kwamba hana kitu. Kwa Boney M. siamini.

Wapo pia wanaorudia wimbo na kuja na sababu yao wenyewe, na hao nawavulia kofia. Otis Redding aliuandika na kuurekodi Respect mwaka 1965, mwanamume anayedai heshima akirudi nyumbani. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin akaugeuza kuwa dai la mwanamke, na tangu hapo umekuwa wake.

Linaloniuma ni malipo. Mwimbaji wa kwanza ambaye hakuandika mstari hata mmoja hapati mrabaha wimbo ukirekodiwa na mwingine. Fedha humwendea mtunzi na mchapishaji wake. Gloria Jones alirekodi Tainted Love mwaka 1964, mtunzi akiwa Ed Cobb, ukatoka mwaka uliofuata kwenye upande wa pili wa santuri isiyouzika. Waliouokoa ni vijana wa kaskazini mwa Uingereza, ambao miaka ya 1970 walikesha wakicheza santuri za soul za Marekani zilizosahaulika. Soft Cell wakaupunguza kasi, wakaujaza vinanda vya umeme, na mwaka 1981 ukashika namba moja Uingereza. Msikilize Jones: tarumbeta zinamkimbiza, naye anaimba kama mtu anayetoka mbio nyumba ya mtu. Soft Cell wamesimama, wanaugulia. Kwangu zote mbili ni za kweli. Nasikitika tu kwamba ile ya kwanza haikumlisha aliyeiimba.

Usiku huu nimemaliza na Lori Lieberman, aliyerekodi Killing Me Softly mwaka 1972. Ameeleza kwamba wazo lilimjia baada ya kumtazama Don McLean akiimba katika klabu ya Troubadour, Los Angeles, na kwamba aliandika maneno kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Roberta Flack aliisikia rekodi yake akiwa ndani ya ndege, na mwaka 1973 akaupeleka kileleni. Flack anaimba kwa umahiri unaonifanya nimtazame yeye. Lieberman, na gitaa lake na sauti isiyo kubwa, ananikalisha kwenye kiti chake, nikiona haya mbele ya watu kwa sababu, kama wimbo unavyosema, mgeni jukwaani anasoma barua zangu.

Unaofuata kwenye orodha yangu ni Nothing Compares 2 U, jinsi The Family walivyourekodi mwaka 1985, miaka mitano kabla ya Sinéad O'Connor. Nitausikiliza wa kwao mara kadhaa kwanza, bila kugusa wa O'Connor.