Theluji ya Jumanne

Mama yangu ana maswali matatu ya simu. Hali ya hewa huko ikoje? Umekula nini? Kazi inakwendaje? Aliyaanza mwaka ule kaka yangu mkubwa alipohamia Kanada, mimi bado niko skuli, na mpangilio wake haukupinduliwa hata siku moja: hewa kwanza, chakula katikati, kazi mwisho. Shangazi alikuwa akimcheka. "Mtoto yuko ng'ambo, dakika za kadi zinakatika, wewe wauliza maharage!" Mama hakumjibu. Alingoja simu nyingine, akauliza tena maharage.

Kwa maswali hayo alijijengea Toronto yake. Ukumbini kwetu, Jadida, Wete, kisiwani Pemba, kulikuwa na saa mbili ukutani: ya kwetu na ya huko, iliyo nyuma kwa saa nane majira ya baridi na saba majira ya joto. Kaka akisema wamebadilisha saa, mama alipanda kiti mwenyewe akausogeza mshale. Hakumruhusu mtu mwingine aiguse saa ile.

Baridi yenyewe ilimpa taabu mwanzoni. Kaka alipomwambia leo ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, aliuliza: "Chini ya sifuri kumebaki nini tena?" Sisi kipupwe chetu cha Julai, kikituandama sana alfajiri, ni nyuzi ishirini na moja au mbili, na watu huvaa sweta wakalalamika kuwa mwaka huu baridi imezidi. Lakini kilichomshangaza mama kuliko theluji ni magharibi. Januari huingia saa kumi na moja na robo jioni, Juni inangoja mpaka saa tatu usiku. "Kufunga Juni huko ni mtihani," alisema, na tangu hapo akawa anawaeleza wageni habari za majira ya Kanada kwa sauti ya mtu aliyetoka huko juzi.

Kazi ya kaka ilikuwa kwenye kiwanda cha vipuri vya plastiki vya magari, nje kidogo ya jiji. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa tisa na nusu. Chakula cha mchana nusu saa tu: mkate na samaki wa kopo. Simu alipiga Jumamosi au Jumapili, na swali la tatu ndilo lililokuwa likimfungua mdomo. Angemlalamikia mama msimamizi, miguu inayovimba, mashine inayopiga kelele, Mfilipino anayemchukulia kiti chake. Mama alisikiliza huku anatingisha kichwa, na simu ikikatika utamwona uso umemkunjuka.

Sasa, tarehe 20 Januari 2009 ilikuwa Jumanne. Kaskazi lilikuwa limetulia pale pale, jasho halikauki, na mji mzima ulikuwa na jambo moja: Obama anaapishwa. Wapo waliokuwa wakimwita mtoto wa jirani, maana baba yake Mkenya, na Kenya kutoka Pemba si mbali. Umeme wetu wakati huo ulitoka kwenye majenereta ya Wesha, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja mwaka uliofuata, kwa hivyo tangu alasiri watu walikuwa wakiitazama taa kila dakika. Taa ikakaa.

Televisheni na dishi letu vilinunuliwa kwa pesa za kaka, na kwa sababu hiyo mama aliona ni wajibu wake kuwakaribisha watu. Tuliiweka seti mlangoni, wanawake tukakaa ndani juu ya mikeka, wanaume wakawa barazani wanachungulia kupitia mlango na dirisha. Kiapo kilikuwa saa sita mchana ya Washington, saa mbili usiku ya kwetu, isha tu. Wanaume wengine walikuja mbio kutoka msikitini, nina shaka kama sunna waliimaliza. Mama alitengeneza juisi ya ukwaju ndoo nzima.

Barazani walizungumza siasa. Ndani tulizungumza baridi. Watu zaidi ya milioni moja wamesimama uwanjani, wanatoa moshi midomoni, watoto wamefungwa mablanketi. Aretha Franklin alipotokea na lile kofia la kijivu lenye fundo kubwa la utepe mbele, ukumbi ulilipuka kwa kicheko, bibi mmoja akasema kofia ile pekee ingeweza kuezekea banda la kuku. Mwengine akamhurumia rais: amesimama kichwa wazi, asije akashikwa na kifua siku ya kwanza ya kazi.

"Hiyo si baridi," mama akasema. "Washington wameshuka chini ya sifuri kidogo tu. Baridi iko kwa mwanangu."

Watu wakamtazama kwa heshima. Alikuwa na raha sana usiku ule.

Ilipokaribia saa tatu, simu ikalia. Ilikuwa ya tochi, ile inayotoa sauti kiasi kwamba aliyekaa chumba cha pili anajua nani kapiga. Mimi nilikuwa ubavuni mwa mama, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mmemwona?"

"Tumemwona, nyumba imejaa. Na wewe umemwona?"

"Nimemwona, mama. Mwanzo mpaka mwisho."

Macho ya mama yakaenda ukutani. Saa ya huko ilisema saa saba kasoro dakika chache, mchana. Hakutulia hapo, akaendelea na yake, lakini mimi niliuona mkono wake ukikamata ncha ya kanga.

"Huko hali ya hewa ikoje?"

"Baridi kali. Theluji imefika kizingitini."

"Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Maharage ya kopo?"

"Ah, hapana. Makavu, nimechemsha mwenyewe."

"Kuku hukumpata?"

"Kuku nimemchoka, mama."

"Haya. Na kazi inakwendaje?"

Kidogo kimya. "Kazi ipo. Alhamdulillahi."

Basi. Msimamizi hakutajwa, wala miguu, wala Mfilipino. Mama akangoja, na wenye kumjua walijua anangoja nini. Hakikuja kitu.

Bibi yule wa kofia naye alikuwa ameiangalia saa ya Toronto. Umri wake ulikuwa mkubwa lakini hesabu zake zilikuwa sawasawa. "Huko si mchana saa hizi?" akauliza kwa sauti ya kutosha. "Mbona leo hakwenda kazini?"

Mama hakumeza hata mate. "Theluji, bibi wee. Ikianguka theluji watu hawatoki nje."

"Aaa!" Ukumbi mzima ukaridhika. Theluji ni kitu ambacho hakuna mtu Wete angeweza kukibishia. Wakaanza kuuliza kama hata maduka hufungwa, na kama maiti anazikwaje, na mama, simu bado sikioni, akawajibu yote mawili. Kisha akarudi kwa mwanawe, sauti ile ile ya kawaida.

"Vaa soksi mbili. Na huyo kuku akikushinda, sema."

"Nitasema, mama."

Hakusema.

Wageni walipoondoka tulibaki uani tunaosha gilasi. Mama akasema, bila kuniangalia, "Kaka yako hana kazi."

"Amekwambia?"

"Ameniambia maharage."

Akanieleza, na ilikuwa mara ya kwanza kunifungulia mlango wa elimu yake hiyo. Maharage makavu huchukua saa mbili tatu jikoni, mtu wa zamu ya asubuhi hayachemshi Jumanne. Na tangu azaliwe hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kumchoka kuku. Na mwenye kazi hunung'unika. "Mtu akiisifu kazi kwa Alhamdulillahi tupu, jua ameshatolewa." Halafu akaongeza kuwa tangu Disemba alikuwa akisikia redioni habari za mtikisiko wa uchumi, kwamba kampuni kubwa za magari za Marekani zimekwenda kwa serikali kuomba mkopo. Redio ile huwa jikoni, juu ya kabati la unga. Sote tulidhani anaiwasha kwa ajili ya nyakati za sala.

"Wasionunua magari, vipuri watavifanyia nini?" akauliza, akaanika kitambaa cha vyombo, akaenda kulala.

Asubuhi alinituma kwa fundi kumwambia mabati ya jiko yasubiri. Sababu niliyopewa kumpa ni kwamba tunasubiri masika yapite, jambo ambalo halina akili hata kidogo, maana mabati mtu huyataka kabla ya masika. Fundi alinitazama, akasema, "Sawa."

Kisha zikaja karafuu. Tulikuwa na mikarafuu michache ya urithi upande wa Mzambarauni, na za msimu ule zilikuwa zimeshachambuliwa, makonyo mbali, zimeanikwa majamvini na kutiwa magunia. Mama alipenda kuziweka. Alikuwa akichukua moja, anaivunja kwa kucha asikie mlio, anairudisha, anasema bado hazijafika wakati wake, akiwa na maana ya bei, si ukavu. Bei ilikuwa duni miaka ile. Wapo waliokuwa wakizivusha usiku kwenda Kenya, lakini hayo niyaache, karafuu Pemba hazizungumzwi ovyo. Mama alizipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali la kununua karafuu, mchana kweupe, akapima, akapokea pesa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, na hatukurudi nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja Limbani.

Huko ilikuwapo familia ambayo kijana wao naye alikuwa Toronto, mtaa mmoja na kaka. Mama na mama yule walisalimiana kwa muda mrefu kweli: wazima, joto, umeme, maembe ya mwaka huu hayakuzaa vizuri, mmepika nini. Tulikula muhogo wa nazi na papa mkavu. Pesa zilitoka katikati ya mazungumzo ya papa, zikapita chini ya ukingo wa sinia, na mwenyeji wetu akaendelea kueleza siku hizi papa anavyouzwa ghali. Kijana wake atatoa kiasi hicho hicho kwa dola, huko. Hakuuliza cha nini. Mama alisema tu: "Mwambie mwanangu anunue kuku."

Nilicheka njia nzima kurudi, mama akanikaripia. Watu kila mwezi wanapokea pesa kutoka Ulaya na Marekani na Uarabuni, na sisi tumetoka kutuma pesa za karafuu Kanada.

Jumamosi ikaja simu.

"Huko hali ya hewa ikoje?"

"Ile ile, mama."

"Umekula nini?"

Kimya kirefu, nikadhani kadi imekatika.

"Kuku, mama."

"Wa kukaanga au wa mchuzi?"

"Wa mchuzi."

"Ulitia tangawizi?"

"Nilitia." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Mama akasema hiyo ni baridi, achemshe karafuu mbili tatu anywe, na swali la tatu siku ile akaliruka. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona akiliruka.

Februari yote na Machi walizungumza vyakula na theluji. Kaka alikuwa akizunguka na karatasi za kuomba kazi, hilo nililijua baadaye kutoka kwa kijana wa Limbani alipokuja likizo. Wenyewe wawili hawajalitaja hadi leo. Kaka amerudi Pemba mara kadhaa, wamekaa uani usiku mzima, na kila mmoja anamsimulia mwenzake baridi ya mwaka ule kana kwamba baridi ndiyo iliyokuwa shida.

Aprili masika yalikuwa yameshika, jiko linavuja sehemu mbili, mama ameweka sufuria chini ya kila tundu. Simu ililia Jumapili, mvua inapiga mabati tukawa tunapiga kelele.

"Huko hali ya hewa ikoje?"

"Nje baridi bado ipo. Lakini mimi niko kwenye joto, mama!"

"Joto la wapi?"

"La tanuri! Kiwanda cha mikate. Naingia usiku saa nne. Mgongo, mama, usiniulize. Unga umejaa puani. Na msimamizi huyu, wallahi, yule wa zamani alikuwa malaika..."

Mama alikaa chini pale pale, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, bila kukikunjua. Akamwachia alalamike. Kaka akalalamikia viatu, akalalamikia basi la usiku, akalalamikia mtu anayempangia zamu, na mama anaitikia "Ee... ee... lo, maskini," uso wote unang'aa. Mara akamkata.

"Mikate hiyo mnatia hiliki?"

"Hawaijui hiliki, mama."

"Hawaijui! Basi wafundishe. Sikiliza. Mchele unaurowesha usiku, asubuhi unausaga na tui zito, si jepesi..."

Alikuwa amefika kwenye hamira kadi ilipokatika.