Deiwaka, Buenos Aires na mama wa Chanika

"Ajiri wawili wa akiba." "Funga mashine ya alama za vidole." "Mkate hela anayekosa, watanyooka." Huo ndio ushauri niliopewa kuhusu wafanya usafi wanaokosa kazini, na watu ambao hawajawahi kushika ufunguo wa stoo ya mafagio. Hao wawili wa akiba angewalipa nani? Na mashine ya vidole ingeniambia tu kwamba mtu hayupo, jambo ambalo choo cha ghorofa ya tatu huniambia bure kabla ya saa mbili asubuhi.

Nasimamia wafanya usafi 14 kwenye jengo la ghorofa tisa pale Posta, Dar es Salaam. Miaka yote ratiba ilikuwa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Akikosekana mtu, mimi kuanzia saa kumi alfajiri napiga simu kutafuta deiwaka, mtu wa kushika nafasi kwa siku hiyo, kama dereva wa daladala. Vocha peke yake ilikuwa inamaliza hela ya chai.

Kijana wa kompyuta wa ghorofa ya sita ndiye aliyenionyesha programu ya kupanga zamu. Ni bure mkiwa wachache. Sisi tumevuka idadi, kwa hiyo nalipa kwa mwezi kama hela ya pilau ya watu wanne, ya mtaani, si ya hotelini. Unaingiza majina na zamu, mtu akiumwa unabonyeza, inakutafutia aliye huru na kumtumia ujumbe. Nusu ya watu wangu wana vitochi, basi nikachagua ujumbe wa kawaida wa simu. Hapo nikajiona nimemaliza.

Siku ya kwanza, bahati yangu, ghorofa ya saba ilikuwa na wageni wakubwa. Saa kumi na mbili na nusu, hakuna mtu. Saa moja, hakuna mtu. Mama wa Chanika, mwenye funguo za stoo, ambaye tangu nimjue hajawahi kuchelewa, hapatikani kwenye simu. Getini namkuta kijana wa vioo anakunywa chai ya rangi na mlinzi. Zamu yake ni ya mchana, kafika alfajiri, sikumwelewa. Na bila ufunguo angefanya nini? Nikavua koti, nikaazima ndoo kwa mama lishe wa nje, nikapiga deki korido nzima kwa fulana yangu ya mazoezi. Wageni wakapita juu ya maji yangu. Mmoja akanipa pole: "Pole na kazi, mzee." Nina miaka 38.

Saa sita kasoro dakika kumi mama huyo akaingia, kanga imekaa sawasawa, uso unang'aa mafuta, anatabasamu.

"Shikamoo mama. Mbona sasa hivi?"

"Marahaba mwanangu. Si umeandika saa sita? Nimewahi."

Akanionyesha simu. Zamu yako: 06:00. Na yule kijana wa vioo? 12:00, naye akafika saa kumi na mbili kamili alfajiri. Wote walikuwa sahihi. Mimi na programu yangu ndio tulikuwa wageni mjini. Jioni akanipigia wa tatu: "Bosi, saa kumi na nne ndiyo saa ngapi?"

Sasa hapa nisikilizeni, maana hila hii niliibuni mwenyewe na mpaka leo najivunia, ingawa ilinitia aibu. Kwenye mipangilio programu inakuuliza uko mji gani. Nikajiuliza: saa zetu na za Kizungu zimepishana sita, je, ni mji gani duniani uko nyuma ya Dar kwa saa sita? Buenos Aires, Argentina. Nikalihamisha jengo zima, nikachagua saa za mtindo wa 12. Zamu ya asubuhi ikasomeka 12:00. Ya saa nane mchana ikasomeka 8:00. Kila kitu Kiswahili kitupu! Wiki tatu nilitembea kifua mbele, hata yule kijana wa kompyuta alinipa mkono.

Kumbe Argentina siku inaanza sisi tukiwa tayari tunafika kazini. Jumatatu ya kwanza ya mwezi tuna usafi mkubwa, saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo Buenos Aires bado ni Jumapili usiku. Ujumbe ukatoka: Jumapili, 11:00. Jumapili saa kumi na moja jioni nimejinyoosha nyumbani, mlinzi ananipigia: "Bosi, watu wako wanne wako hapa getini, wawili wana nguo za kwaya." Nikalipa nauli zao, na soda juu. Usiku huohuo tukahama Argentina.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Programu inaruhusu zamu kupewa jina. Nikaandika ALFAJIRI, MCHANA, JIONI, nikazima saa zisionekane kwenye ujumbe. Kwisha.

Lakini jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyelitaja ni njia. Mvua ikajaa Jangwani, barabara ya Morogoro ikafungwa, dada wa Kimara akakwama. Programu ikamchagulia wa kumshikia nafasi: dada mwingine wa Kimara. Wamepanga nyumba moja! Nikamkataa, ikaniletea wa Mbezi, barabara ileile. Siilaumu, yenyewe inahesabu aliye huru, haijui maji. Ila ina sehemu ya kuandika ujuzi wa kila mtu, nadhani waliikusudia kwa mambo kama mashine ya kung'arisha sakafu. Mimi nikaandika humo barabara: Morogoro, Kilwa, Nyerere, Pantoni. Sasa wa Kimara deiwaka wake anatoka Mbagala au Gongo la Mboto, na wa Kigamboni anashikiwa na asiyevuka maji. FUNGUO nayo nikaiweka kuwa ujuzi, na zamu ya ALFAJIRI haikubali kukamilika mpaka wawepo wawili wenye nayo.

Kuna kitu kingine kilichonifedhehesha kidogo. Niliingiza kikomo cha saa 45 kwa wiki, kile cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na jina la binti mmoja likawa jekundu papo hapo. Ndiye aliyekuwa hasemi hapana nikimpigia, na mimi nilikuwa namshukuru kwa soda. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu na hazitakiwi kupita 50 katika wiki nne. Siku hizi analipwa zake, na kwenye orodha ya akiba yuko chini kabisa.

Idd msiniulize programu inafanyaje, inataka tarehe na mwezi hauandami kwa kubonyeza. Naweka siku mbili, Wakristo wanazishika zote mbili, Krismasi wanarudishiwa.

Masika haya Jangwani pamefungwa tena, watano hawakufika. Saa moja na robo ghorofa zote tisa zilikuwa zimeshadekiwa na mimi nimekaa na mlinzi nakunywa chai yake. Mama wa Chanika alikuwa amepangiwa mchana siku hiyo. Nilipombadilishia ghafla usiku wa kuamkia siku hiyo, alinipigia kwanza kabla ya kulala.

"Mwanangu, hiyo ALFAJIRI ni ya hapa, au ya kule ulikotuhamishia?"